Herufi za Kulala za Papa wa Chapa

Papa wa Chapa alikuwa akisoma ukurasa akiwa ameugeuza juu chini. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani macho yamemchoka, nikamwambia, "Papa, umeshika karatasi vibaya." Hakuniangalia. Alisema, "Ukiisoma sawa vile iko, unasoma kile roho inapenda. Ukiigeuza, unaona kile kiko." Kisha akaendelea kusoma, kidole kikipanda polepole kutoka mstari hadi mstari, kofia yake ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kofia ile hakuivua. Si kwenye joto la mchana, si kanisani, si mbele ya padri mkuu aliyewahi kumkemea hadharani. Mimi ni mtu wa kuuliza, na nilimuuliza. Alijibu kwamba kichwa chake kina baridi. Kwetu Masisi baridi ipo, sikatai, lakini si baridi ya kumfanya mtu ale na kofia na, kwa maneno ya mkewe, alale nayo.

Wote walimwita Papa wa Chapa, yaani baba wa chapa, kwa sababu alikuwa amepanga maandishi ya parokia tangu enzi za herufi za risasi. Wakati huo kila herufi ilikuwa kipande cha madini hayo, na mtu alizipanga moja moja kwenye fremu kwa mkono. Baadaye herufi zile ziliuzwa kwa kilo, wakamletea kompyuta, na ndani yake programu ya kupanga kurasa. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya kanisa, Masisi katikati, chenye dirisha moja linalotazama milima ya upande wa Lushebere. Juu ya bati kulikuwa na plake ya jua ya kuleta umeme, chini ya meza kulikuwa na betri, na kompyuta yenyewe aliifunika kitenge alipomaliza kazi, kitenge kizuri kuliko vingi nilivyonavyo.

Mimi natengeneza mashine. Nina atelie yangu karibu na soko, ya simu, redio na kompyuta, na yeye aliniita kila programu ilipogoma. Kwa hiyo nilimjua kwa njia ambayo fundi anamjua mteja wake: nilimjua akiwa na hasira, na nilimjua akiwa anangoja. Kungoja alikuweza kuliko mtu yeyote. Programu ingetafuna kurasa zake taratibu, mimi nikizungusha miguu chini ya kiti na kulaani betri, na yeye angekaa mikono magotini. "Iache," aliniambia. "Iko inatembea."

Kabla ya kuwasha alikuwa anagonga meza kwa vifundo vya vidole, kisha anatega sikio. Baba yake, mwindaji wa Walikale, alikuwa akigonga hivyohivyo shina la mti wa kwanza kabla ya kuingia porini, ili wenye pori wajue kuna mtu anakuja. Nilimtania kwamba ndani ya kompyuta hamna chui. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mutoto yangu, na nani alifika ndani kuangalia?" Sikupenda lile swali, na usiku nilipokuwa nafunga atelie yangu sikupenda pia taa ndogo za mashine za watu zilizokuwa zinapepesa zenyewe.

Alikuwa Mkristo wa kweli, na mkali. Aliwahi kumfukuza mganga mmoja aliyekaa kwenye ngazi za ofisi yake akitafuta wateja, akamrushia mpaka kikapu chake. Na bado yeye huyuhuyu ndiye aliyeishia kuwa na foleni ya watu kwenye ngazi zilezile, wakisubiri awaambie nani yuko hai na nani amekufa. Nitaeleza ilivyokuwa, maana ukisikia kwa watu wa Muheto watakuongezea nyoka na moto.

Kila mwaka, kabla ya Siku ya Marehemu, parokia ilitoa kijitabu cha majina ya watu wa kuombewa. Papa wa Chapa ndiye aliyekipanga, na alikuwa na desturi yake ambayo hakuna padri aliyemfundisha. Majina ya watu waliozikwa aliyaandika kwa herufi za kusimama. Majina ya wale ambao maiti zao hazikuonekana, waliopotelea njiani au porini wakati wa kukimbia vita, aliyaandika kwa herufi za kulala, zile zilizoinama upande. "Huyu, bantu hawakumulalisha," alisema. "Basi tumulalishe sisi." Mama zetu walielewa haraka. Walipopokea kijitabu, kabla ya kutafuta jina, macho yao yalitafuta kwanza mistari iliyoinama.

Programu yenyewe ilifanya kazi hivi: unaandika majina yote, halafu unaiamuru ipange kurasa. Ikikuta jambo isiloliweza inasimama palepale, na kwenye kioo inakuonyesha mstari iliposimamia. Mwaka mmoja ilisimama kwenye jina la Bauma wa Muheto. Mkewe alikuwa amemngoja sana tangu apotee, akachoka, akalileta jina lake liandikwe kwa herufi za kulala. Papa wa Chapa aliamuru, mashine ikasimama. Akalifuta, mashine ikaenda mpaka mwisho. Akalirudisha, ikasimama. Mimi nilikuwa Ngungu siku hizo, nimekwama na barabara, na kijitabu kilikuwa kinangojwa Goma kwa wachapaji. Kikaenda bila Bauma.

Kabla ya Noeli Bauma akatokea Muheto kwa miguu yake, akitoka upande wa Walikale, viatu amevining'iniza shingoni ili visiishe.

Unaweza kukisia yaliyofuata. Mwaka uliofuata mashine ilikataa jina la msichana mmoja, na habari zikafika kwamba ameonekana Bukavu, ana duka la mkate. Jina jingine lilipita bila shida, na baadaye mtu aliyetoka msituni akathibitisha kwamba alimzika mwenye jina hilo kwa mikono yake. "Mashini ya Papa iko inajua," watu walisema. Wakaanza kuja bila kungoja Novemba. Wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Lushebere walifika asubuhi na vitenge vyao vimelowa umande, wakakaa kwenye ngazi, na mmoja mmoja akaingia kusema jina. Papa aliliandika, akalilaza, akagonga meza, akaamuru. Nilikuwepo mara kadhaa. Mistari ilikuwa inakimbia kwenye kioo. Iliposimama, mama wa watu alipiga magoti akicheka. Ilipopita, hakukuwa na kelele. Alishukuru, akatoka akishika ukuta.

Mimi nilichukia mambo yale. Nilimwambia hivyo. "Papa, hii ni uganga, na wewe ulimurushia muganga kikapu." Akanijibu, "Mimi sisemake kitu. Naandika tu. Bantu njo banasoma."

Siku moja nilifunga mlango, nikamwomba aniache na mashine mpaka nipate chanzo. Sikuhitaji hata mchana mzima. Faili la herufi za kulala lilikuwa limeharibika mahali pamoja: B kubwa. Bauma alikuwa na B. Msichana wa Bukavu alikuwa na B. Kila jina lenye B kubwa lililolazwa lingesimamisha programu, mwenye jina awe hai, awe mavumbi. Na kwa kuwa waliolazwa walikuwa ndio hao waliopotea tu, na wengine wao hurudi, basi mashine ilionekana kama inajua. Toleo jipya lingeleta herufi mpya, na mambo yangekwisha. Nilimweleza nikiwa nimefurahi, maana fundi akigundua ugonjwa hufurahi hata kama mgonjwa analia.

Hakufurahi. Alikaa na mikono magotini kama kawaida yake. Halafu akasema, "Usiguse."

"Papa, ni herufi moja tu."

"Nimesikia. Usiguse. Na usiambie Mama."

Mama ni mkewe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekanyaga mahali pabaya. Walikuwa na mtoto mmoja, Byamungu. Alikuwa amekwenda Walikale kwa wajomba zake, risasi zikaanza, watu wakaingia msituni kila mmoja na upande wake, na yeye hakuonekana tena. Papa wa Chapa alikwenda kumtafuta. Akapotea yeye mwenyewe mle msituni, watu wakamkatia tamaa, mpaka alipotoka peke yake, ndevu zimemfunika, akitetemeka kwa homa na hakumbuki alikula nini. Novemba ile, Bauma akiwa amesharudi, alilaza jina la mtoto wake. Mashine ikasimama. Tangu hapo, kwa nyumba ile, Byamungu alikuwa hai.

Nilikula kwao mara nyingi. Mama aliweka sahani tatu hata kabla sijaingia, na nilipokuwa mgeni aliongeza ya nne. Sahani ya tatu aliijaza bugali na sombe ya majani ya muhogo, ikabaki hapo mpaka ikapoa, halafu akaiondoa. Mara moja niliona Papa ananyanyua kichwa na kuangalia mlango, ingawa mlango haukulia. Mama naye akaangalia. Hakukuwa na mtu. Walirudi kula, na mimi nilimaliza chakula kile haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Mama ndiye aliyekuja siku moja atelie kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa amebeba simu ambayo haikuwa na ubovu wowote.

"Dada," aliniambia, "bantu banasema unajua juu ya nini mashini inakatala."

Nilichezea simu yake.

"Mi sitaki uniambie. Nataka tu unifanyie. Weka ile mupya. Kama jina ya mutoto itapita, ipite." Alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Mama ya muntu mukufu, bantu banamushika mukono, analia, kiisha anainuka. Mama ya muntu muzima, anangoja mutoto. Miye niko nini? Siko huku, siko kule. Nimechoka kupakua ile sahani."

Nilimwambia siwezi kugusa mashine ya mtu bila yeye kutaka. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilitaka kulia. Akachukua simu yake, akanishukuru kama kwamba nimeitengeneza.

Mwishowe aliyeamua hakuwa mimi wala Mama. Wachapaji wa Goma walibadilisha mitambo yao, wakatuma ujumbe kwamba hawapokei tena kurasa za toleo lile la zamani, zinafunguka zimevurugika. Bila toleo jipya, hakuna kijitabu, na watu wote wa parokia wangekosa Novemba yao. Papa wa Chapa aliniita. Nilipofika nilimkuta ameshaondoa kitenge kwenye kompyuta na kukikunja vizuri. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo kwetu, mahali walipokaa wale wanawake wengine.

"Fanya mise à jour, weka ile mupya," aliniambia. "Fanya yote."

Toleo jipya nilikuwa nimelipakua Goma na kulibeba kwenye kle, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, maana mtandao wetu hauwezi mzigo ule. Kazi ilinisumbua. Kwanza mashine ilisema haina nafasi, nikafuta mazagazaga ya miaka. Ikasema toleo la zamani bado lipo na matoleo mawili hayawezi kukaa pamoja. Nikamwangalia Papa. Akatikisa kichwa kukubali, nikaliondoa, na alipoona mstari ule wa kuonyesha kazi inavyoendelea ukijaa, alishika ukingo wa meza. Kisha ikasimama katikati, ikidai faili ambalo lilikuwa mbele ya macho yake. Nilianza upya. Tukangoja.

Ni katika kungoja kule ndipo aliponiambia.

"Ile siku ya kwanza, yenye ilikatala jina ya Byamungu," alisema, "nilifikiri sawa weye. Nilifikiri ni ubovu tu. Basi nikaandika jina yangu. Nikailalisha. Nikaamuru."

"Na?"

"Ikapita."

Nilicheka kidogo, nikaacha. Jina la Papa wa Chapa lina B kubwa, ileile ya mtoto wake. Kwa faili lile bovu nililoliona kwa macho yangu, jina lile halikuwa na njia ya kupita. Nilimuuliza kama ana hakika alililaza. Alikuwa mtu wa chapa, si wa kukosea herufi.

"Nilijaribu na kujaribu. Yangu inapita, ya mutoto inakatala. Nikawaza, ao mashini iko na uongo, ao ni miye nilibaki kule mu pori, na mutoto njo alitoka kwa njia ingine." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza habari za betri. "Nikaona ni vizuri. Baba anabaki, mutoto anatoka. Njo maana nilisema usiguse."

Jua lilikuwa linapiga dirishani na bado nywele za mikono yangu zilisimama. Nilikumbuka ile milo, macho yake kwenye mlango. Nilikumbuka kwamba kwa muda wote ule sikuwahi kumwona akimaliza chakula.

Usakinishaji ulikwisha. Nilifungua herufi za kulala nikazikagua zote, B ilikuwa nzima na nzuri. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuthibitisha, nilianza na Bauma. Nilimlaza, nikaamuru, akapita. "Unaona, Papa? Bauma yuko Muheto anauza maharage, na amepita. Haijui kitu. Ni mashine tu."

"Sasa mutoto," alisema.

Niliandika Byamungu. Yeye ndiye aliyegonga meza, akatega sikio, akaniashiria. Mistari ikakimbia, ukurasa ukaja kwenye kioo, safi, na jina limelala mahali pake kati ya majina mengine. Papa wa Chapa aliinamisha kichwa mpaka akalisoma juu chini. Kule kwenye ngazi Mama hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka. Alikuwa amesikia kimya chetu.

"Sasa ya kwangu," alisema.

"Papa, hapana."

"Iandike."

Niliandika. Nililaza. Niliamuru, na programu ikasimama.

Ilisimama kwenye jina lake, mstari wake, na kwenye kioo likatokea tangazo lilelile la zamani kwamba herufi haipatikani. Nilijaribu tena. Nilifuta mafaili yote ya muda ambayo programu huacha nyuma yake. Nilizima kompyuta, nikaiwasha. Nilimwandika Bauma tena, akapita. Nikamwandika Byamungu, akapita. Nikaandika jina la Papa kwa B ile ile niliyoinakili kutoka kwenye jina la mtoto wake, ikasimama. Nikamwambia nipe muda kidogo, nitapata, lazima kuna kitu, kila kitu kina sababu. Mpaka leo hii sijapata, na nimeifungua mashine ile mara nyingi.

Aliweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa na joto, na ndipo nilipotambua kwamba miaka yote ile sijawahi kumgusa.

"Iache," alisema. "Usitengeneze tena."

Alikuwa analia, na hakujificha. "Basi miye njo muzima," alisema. "Miye njo nilitoka."

Aliinuka, akaenda mlangoni, akasimama nyuma ya Mama. Alivua kofia. Nywele zake zilianguka mpaka mabegani, nyeupe, zimesokotana, nywele ambazo wembe haukuzipitia tangu atoke msituni. Maana kwetu baba hunyoa kichwa akifiwa na mtoto, na yeye alikuwa amekataa kufiwa. Mama aliinua uso, akaziangalia muda mrefu.

"Mama," alimwambia, "leta wembe. Ninyoe. Mutoto yetu alikufa."